Shajara ya mradi: Topps 1986, kadi pamoja na maganda yake

Lengo

Tunakusanya seti moja ya kadi za besiboli za Marekani, ile ya kampuni ya Topps ya mwaka 1986, pamoja na kila namna ilivyofungwa kiwandani: pakiti ya karatasi ya nta yenye kadi na bigijii, boksi la kaunta, pakiti ya selofani, pakiti ya kutundika na boksi la mashine ya kuuzia kadi. Kadi zenyewe si adimu. Zilichapwa kwa wingi na watu wakazihifadhi. Kilichotupwa ni ganda. Mtoto alitoa senti 40 dukani, akachana karatasi, bigijii ikaenda mdomoni, kadi zikaingia mfukoni, ganda likabaki chini na kufagiwa.

Wengi hukusanya kadi peke yake, na kwetu hiyo ni nusu ya kazi. Doa la nta mgongoni, mraba wa bigijii usoni, pembe iliyobonyea: kila kasoro ya kadi ina mahali ilikotoka ndani ya pakiti. Bila ganda unaiona kasoro tu, hujui imefikaje pale.

Kuna wanaosema kadi kongwe ni za kabla ya 1980 tu. Sisi tumechagua 1986 kwa sababu mbili. Pakiti zake bado zinafunguka bila mtu kulia, na mwaka huo ndio Topps ilipoanza kuchapa kadi kwenye kitako cha boksi la kaunta. Njia za kufungua, kusafisha na kuhifadhi ni zile zile kwa pakiti za miaka ya 70.

Siku ya 1: hesabu

Tulichoanza nacho ni boksi moja la kaunta lenye pakiti zake, maboksi mawili matupu, maganda 41 ya nta yaliyokunjwa ovyo, pakiti 6 za selofani na 3 za kutundika.

Seti ina kadi 792. Topps ilichapa kadi kwenye shiti za kadi 132, na 132 mara sita ni 792, kwa hiyo kila kadi ilichapwa sawa na mwenzake. Hii ni nafuu kubwa ukilinganisha na seti ya 1952, ambayo kadi zake za mwisho, namba 311 hadi 407, ni chache kuliko zilizotangulia.

Boksi la kaunta lina pakiti 36 za kadi 15, yaani kadi 540. Hata kama hakuna kadi hata moja iliyojirudia, zitapungua 252. Usinunue boksi moja ukitarajia seti kamili. Boksi la mashine lina kadi 500 zilizopangwa tupu, bila ganda wala bigijii, na hizo ndizo safi kuliko zote. Kasoro yake iko kwenye kadi za mwanzo na za mwisho wa safu, zilizogongana na ukuta wa boksi.

Ukubwa wa kadi ni milimita 63.5 kwa 88.9, kipimo ambacho Topps inakitumia tangu 1957. Anayekusanya za 1952 hadi 1956 ajue kwamba zile ni pana zaidi, 66.7 kwa 95.3, na haziingii kwenye kurasa za plastiki za mifuko tisa. Zinahitaji kurasa za mifuko minane. Ukizilazimisha, pembe ndizo zinazolipa.

Siku ya 2: kusoma pakiti kabla ya kuigusa

Pakiti ya nta ni rahisi kuchezewa. Karatasi imekunjwa nyuma na kushikizwa kwa moto, basi. Mtu mwenye pasi ndogo na subira anaweza kuifungua, akatoa kadi nzuri, akaweka ya kawaida, akaifunga tena. Kwa sababu hiyo hakuna pakiti tuliyofungua kabla ya kuipiga picha pande zote sita na kuikagua chini ya lenzi ya mara 10.

Tuliangalia ule mkunjo wa nyuma. Mkunjo wa kiwandani una alama moja ya joto, yenye ukingo ulionyooka, na nta yake imetulia kwa usawa. Pakiti iliyofungwa mara ya pili huonyesha alama mbili zisizolingana, au eneo la nta lililotanuka na kung'aa kuliko karatasi iliyo jirani. Wakati mwingine kingo mbili za karatasi hazikutani pale zilipokutana mwanzo, na mstari wa kiwandani unabaki wazi pembeni kama alama ya jeraha. Gundi haipo kabisa kwenye ufungaji huu. Ukiona gundi, pakiti imeshaguswa. Tochi ya yuvii (mwanga wa urujuanimno) inasaidia hapa, maana gundi nyingi za kisasa hung'aa bluu-nyeupe gizani.

Tikisa pakiti taratibu karibu na sikio. Bigijii iliyovunjika vipande ni jambo la kawaida baada ya miaka mingi. Lakini ukihisi kadi zinahama huku na huko wakati karatasi imekaza, simama ukague upya. Mizani ya gramu 0.01 tuliitumia kwa kulinganisha pakiti za boksi moja tu. Uzito hauthibitishi chochote kwa sababu bigijii hukauka kwa viwango tofauti.

Boksi lenyewe pia linasomwa. Maboksi ya nta ya Topps ya miaka hiyo yalitoka kiwandani bila plastiki ya kubana. Kwa hiyo boksi la 1986 lililovikwa plastiki limevikwa baadaye. Inaweza kuwa kazi ya mkaguzi anayeaminika kama kampuni ya Baseball Card Exchange, ambao huweka alama yao kwenye plastiki, na inaweza kuwa kazi ya yeyote mwenye mashine ya joto. Plastiki tupu isiyo na alama haituambii lolote.

Pembeni mwa boksi na kwenye ganda kuna namba ya bidhaa iliyogawanywa kwa vistari. Kwa kawaida tarakimu yake ya mwisho hulingana na mwaka, kwa hiyo 6 ni ya 1986. Namba hiyo ndiyo tunayotumia kuoanisha ganda na boksi, kwa kuwa rangi hufifia na kudanganya.

Siku ya 4: kufungua

Tulifungua pakiti nne tu, ziwe vielelezo. Zilizobaki 32 zinakaa zilivyo.

Chumba kilikuwa na nyuzi 21 za Selsiasi. Kukiwa na baridi, nta inakuwa ngumu na rangi hupasuka pamoja nayo. Kukiwa na joto, nta inalainika na kunyofoa nyuzi za karatasi. Pakiti ililazwa kifudifudi juu ya karatasi nyeupe safi. Kibao chembamba cha plastiki, kile cha kufungulia simu, kilipenyezwa chini ya ukingo wa mkunjo, kuanzia katikati kwenda pembeni. Tulikuwa tumejaribu ganda moja bovu kwa kuanzia kwenye ncha, likachanika mara moja, kwa sababu ncha zina tabaka tatu za karatasi na nta ndiyo nene kuliko pengine.

Rundo la kadi linatolewa zima, bila kulitandaza kama karata za kuchezea. Kila kadi inapewa namba ya nafasi yake, 1 hadi 15, kwa kipande cha karatasi kinachowekwa chini yake. Usiandike kwenye kadi hata kwa penseli.

Pakiti ya tatu ndiyo iliyotufundisha zaidi. Bigijii ilikuwa imevunjika vipande vitano na kubaki na umbo lake, kama kigae kilichopasuka sakafuni bila kung'oka. Unga wa sukari ulikuwa umejikusanya kwenye nyufa. Kadi iliyoikabili ilikuwa na mraba wa rangi ya chai hafifu, kingo zake zikifuata kingo za bigijii sawasawa, mpaka ule ufa mkubwa wa katikati ulionekana kwenye kadi kama mstari mweupe. Maana yake bigijii ilipasuka mapema, kabla haijaanza kuchuja mafuta na sukari kwenye kadi. Upande wa pili wa rundo, kadi iliyolala juu ya mkunjo ilikuwa na mstari wa nta mgongoni, na ulipolazwa juu ya ganda ulikaa juu ya alama ya joto bila kuzidi wala kupungua. Huo ndio ushahidi bora kwamba pakiti haikuwahi kufunguliwa. Kwa bahati mbaya unauona baada ya kufungua tu.

Kipande kimoja cha bigijii ya pakiti ya nne kimegandia usoni mwa kadi. Hatukukivuta. Ukivuta, wino unatoka nacho. Kadi imewekwa ilivyo, na bigijii yake, ikiwa kielelezo.

Siku ya 5 na ya 6: madoa

Nta iliyo usoni mwa kadi inatoka. Chukua stokingi ya nailoni mpya, izungushe kwenye kidole, sugua kwa duara nyepesi sekunde 20 hadi 30, kuanzia katikati ya doa. Geuza upande safi wa kitambaa kila mara. Kagua kwa kuinamisha kadi chini ya taa ya pembeni, kwa kuwa nta haionekani ukiitazama wima. Inatoka kwa sababu uso wa kadi una mng'ao unaoizuia kupenya. Nta imekaa juu tu, na msuguano wa nailoni unaipasha kidogo na kuibeba.

Mgongoni usijaribu. Mgongo wa kadi hizi ni karatasi ya kijivu isiyo na mng'ao, nta imeshazama ndani ya nyuzi. Ukisugua unanyanyua nyuzi na kuacha baka linalometameta, baya kuliko doa lenyewe. Tumeharibu kadi moja ya bei ndogo kwa makusudi ili tuwe na mfano wa kuonyesha.

Doa la bigijii halitoki. Limepenya, na dawa yoyote ya kulitoa inagusa wino. Benzini, spiriti, na zile chupa zinazouzwa kama visafishio vya kadi, zote tumeziacha. Na hata ukitoa nta kwa stokingi, andika kwenye daftari na umwambie atakayenunua.

Jambo la pekee la seti hii ni ile bendi nyeusi juu ya kadi, iliyobeba jina la timu kwa herufi kubwa. Weusi ule haufichi kitu. Mkwaruzo mdogo kwenye ukingo wa juu unaonekana mweupe pepepe. Kadi namba 1 ni Pete Rose, na namba 2 hadi 7 zinaonyesha kadi zake za miaka iliyopita, kwa kuwa mwezi Septemba 1985 alikuwa amevunja rekodi ya mchezaji wa zamani Ty Cobb ya mipigo. Namba 1 inateseka mara mbili. Watu walipanga seti kwa namba na kuzifunga kwa raba, na kadi ya juu ndiyo iliyokatwa na raba na kuchubuka pembe.

Siku ya 7 hadi ya 21: kunyoosha maganda

Hii ndiyo sehemu ndefu kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa na haraka.

Kwanza, unga wa sukari. Brashi laini ya kuchorea, kutoka katikati kwenda nje, pande zote mbili. Punje zikibaki zinaacha vishimo karatasi ikibanwa, na baadaye zinaita sisimizi na mende.

Karatasi ya kawaida iliyokunjamana huwekwa kwenye unyevu ili ilegee, kisha hubanwa. Ganda la nta halikubali njia hiyo, kwa sababu nta inazuia maji. Pasi nayo tunaikataa kabisa, hata ya moto mdogo na kitambaa juu. Nta inayeyuka, inahama na rangi, na kibaya zaidi inafuta ile alama ya joto ya kiwandani. Ganda linakuwa limenyooka na limepoteza ushahidi wake.

Kilichobaki ni uzito na muda. Tabaka zetu kutoka chini ni ubao laini, karatasi ya kunyonyea, karatasi ya silikoni ya kuokea mikate, ganda, karatasi ya silikoni tena, karatasi ya kunyonyea, ubao, kisha kilo 4 za vitabu. Siku 14 bila kufungua. Bila silikoni, nta inashika kwenye karatasi ya kunyonyea. Gazeti lisikaribie kabisa. Tulilitumia chini ya maganda mawili ya kwanza, na herufi zake zimehamia kwenye nta mpaka leo.

Matokeo: kati ya maganda 41, 33 yamenyooka vya kutosha. Matano yana machano yaliyofika kwenye picha. Matatu yamefifia, nyekundu na njano zikiwa zimetangulia kama kawaida ya wino uliokaa juani. Mistari ya mikunjo ya kiwandani bado inaonekana, na hatutaki iondoke. Inaonyesha pakiti ilikaa vipi, na ganda lisilo na mikunjo lina maswali mengine ya kujibu.

Siku ya 22: vitako vya maboksi

Kila kitako kina kadi nne zilizochapwa kwenye kadibodi, zenye herufi badala ya namba. Herufi ni A hadi P, kwa hiyo kuna vitako vinne tofauti: A–D, E–H, I–L na M–P. Zamani watu walikata kitako na kutupa boksi, au wakakata kadi moja moja kwa mkasi. Kadi iliyokatwa kwa mkasi haina ukingo wa kuaminika, kwa sababu kila mkasi ulikata ulivyotaka. Boksi zima ndilo tunalolitafuta.

Tunayo A–D (George Bell, Wade Boggs, George Brett, Vince Coleman) na M–P (Dale Murphy, Pete Rose, Bret Saberhagen, Fernando Valenzuela). Boksi la tatu ni A–D tena. Wauzaji wengi hupiga picha ya juu ya boksi tu, kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe: nionyeshe kitako.

Maboksi matupu yanahifadhiwa wazi, bila kulazwa bapa. Yakilazwa bapa, mkunjo wa kifuniko unapasuka rangi. Ndani tumeweka sponji ya polyethilini iliyokatwa kwa kipimo cha boksi, lisibonyee.

Siku ya 23: selofani na pakiti za kutundika

Hapa kadi ya juu na ya chini inaonekana bila kufungua, ndiyo maana ulaghai ni mwingi. Pakiti yenye kadi ya mchezaji nyota juu ina bei nyingine. Kagua mshono wa nyuma. Wa kiwandani ni mkavu na mwembamba. Uliorudiwa una ukungu mweupe au plastiki iliyokunyata kando ya mshono.

Pakiti ya kutundika ina vyumba vitatu vya kadi chini ya kichwa cha karatasi chenye tundu la msumari wa dukani. Ndani yake Topps iliweka kadi moja ya seti ndogo ya nyota wa mechi ya All-Star, seti ya kadi 22 zenye mng'ao. Kasoro yake kubwa ni kichwa: tundu likichanika, pakiti inashuka thamani hata kama kadi zote ni safi. Usiitundike tena ukutani. Ilazwe.

Siku ya 24: hifadhi

Plastiki kwanza. PVC haitakiwi popote. Kilainisho chake hutoka taratibu, kinanata kwenye kadi na kubeba wino. Kama hujui mfuko umetengenezwa kwa nini, pasha waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, gusa kipande cha mfuko, rudisha waya motoni. Mwali wa kijani unaashiria klorini, kwa hiyo huo ni PVC. Fanya nje, moshi wake si mzuri. Tunatumia polipropilini kwa mifuko laini na poliesta kwa maganda, kila ganda likiwa na kadibodi isiyo na asidi nyuma yake. Kadi za thamani zinaingia kwenye mfuko laini kwanza, kisha kwenye toploda, yaani ganda gumu la plastiki la kadi moja. Kadi tupu ndani ya toploda inakwaruzwa na kingo zake kila inapoingizwa.

Unyevu tunaulenga asilimia 45 hadi 50, joto nyuzi 18 hadi 21. Kipima unyevu cha bei nafuu hudanganya, kwa hiyo kipime kwanza. Weka chumvi ya jikoni kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji mpaka iwe uji mzito, kifungie pamoja na kipima ndani ya mfuko usiopitisha hewa saa 12. Kinatakiwa kusoma 75. Chetu kilisoma 69, kwa hiyo tunaongeza 6 kwenye kila kipimo.

Anayehifadhi Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam ana kazi kubwa zaidi, kwa sababu hewa ya pwani ni nyevu karibu mwaka mzima. Boksi la plastiki lenye mpira wa kuzuia hewa pamoja na silika jeli linatosha, ila usikaushe kupita kiasi. Chini ya asilimia 35 kadi zinaanza kupinda kama kigae cha paa, kwa sababu uso wenye mng'ao na mgongo mtupu havikauki kwa kasi moja. Pakiti zenye bigijii zikae boksi lao peke yake, mbali na kadi zilizofunguliwa.

Hali ilivyo

Kadi: 731 kati ya 792, na 61 zilizobaki zinapatikana kwa kubadilishana. Maganda ya nta yapo ya kutosha, na ziada 20 ni za kubadilishana pia. Selofani na pakiti za kutundika zimekamilika. Boksi la mashine bado hatujalipata likiwa na kadi zake katika mpangilio wa kiwandani. Yaliyotolewa kwetu hadi sasa yalikuwa yamejazwa upya, yanajulikana kwa kadi zinazoelekea pande mbili ndani ya safu moja. Vitako vinavyokosekana ni E–H na I–L. Cha I–L, chenye Reggie Jackson, Don Mattingly, Oddibe McDowell na Willie McGee, tumeonyeshwa kimoja kwenye picha, kikiwa kimekatwa kwa mkasi kupitia ukingo wa Mattingly. Tumekiacha, na utafutaji wa boksi zima unaendelea.